Vijiko Sita vya Chumvi

Sehemu ya tano

Walionisoma tangu mwanzo wanajua nilikotoka. Mama aliuza nguruwe, halafu akauza shamba la viazi la Kipese, ili mimi Falonne nisomee uuguzi Butembo. Kila mwaka karo ilipanda, na kila ilipopanda walimu walipungua. Mwaka wa tatu tulikuwa na kozi ambazo walimu wake tuliwaona mara mbili tu: siku ya kuuza syllabus, kijitabu cha kozi, na siku ya mtihani.

Wanamjua pia Bénie, binti wa mwenye duka la mabati, rafiki yangu aliyenipa chumba kwao bila kunidai kitu. Aliniomba nimwandikie TFC, ile kazi ya kumalizia masomo. Nilikubali, maana bila pesa zake yangu isingepokelewa. Mada yake ilikuwa kuhara kwa watoto. Niliandika vizuri, ukurasa kwa ukurasa, mpaka nikafika wa thelathini na moja.

Hapo ndipo nilipotenda dhambi yangu.

Maji ya kumpa mtoto anayehara hutengenezwa hivi: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mimi nikageuza. Chumvi vijiko sita, sukari nusu. Sikutaka mtoto yeyote afe, Mungu anajua. Nilitaka Bénie aaibike mbele ya jury ya walimu, basi. Nilijua mwalimu yeyote mwenye macho atasimama pale pale na kumuuliza: "Mademoiselle, unataka kuua batoto?"

Siku ya jury nilikaa benchi la nyuma nione vizuri.

Walikuwa watatu. Katikati alikaa Chef Ézéchiel, mkuu wa seksheni yetu. Wa kulia alikuwa anaandika kwenye simu. Wa kushoto alifungua TFC mwanzoni, akafungua mwishoni, akaifunga.

Bénie alisoma huku sauti inamtetemeka. Alipomaliza, Chef Ézéchiel akavua miwani.

"Mademoiselle, niko na remarque moja ya muhimu sana."

Nikasogea mpaka ncha ya benchi.

"Kwenye remerciements, kule unashukuru batu, umeandika jina ya Directeur général bila kuweka titre yake. Ile ni kukosa heshima. Utarekebisha."

"Ndiyo, Chef."

"Kisha karatasi ya juu. Umeweka ya kijani. Ya seksheni yetu ni bleu."

Walitoka. Walirudi kabla sijameza mate. Distinction, alama ya kujivunia.

Yangu ilikuja siku mbili baadaye. Mimi niliulizwa maswali, tena mengi, na yote niliyajibu. Wa kushoto alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Chef Ézéchiel akaangalia orodha iliyokuwa mbele yake.

"Frais ya jury umelipa yote?"

"Nusu, Chef. Ingine mama analeta."

"Tutaangalia."

Waliangalia. Wakanipa Satisfaction, alama ya mtu aliyepita kwa kusukumwa.

Mama alikuwa ameshuka kutoka Kipese na kuku mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Kuku wa sherehe yangu. Alimkuta Bénie uani, akamkumbatia, akamzungusha kama mtoto wa ubatizo.

"Distinction! Mutoto yangu! Falonne, unaona mwenzako? Wasingya, Bénie, aksanti, wasingya. Shika hii kuku."

"Hapana, Mama, kuku ni ya Falonne."

"Falonne iko mutu ya kwetu. Shika."

Jioni Bénie alimpika, akaniwekea mimi paja. Nilimeza nyama ile kama mtu anayemeza kokoto.

Mwezi haukuisha, institut, chuo chetu, ikafungua tawi Beni. Wakahitaji assistante mmoja, mwalimu msaidizi. Baba yake Bénie alitoa mabati ya kuezekea madarasa. Mnajua tayari nani alipata kazi.

Alikuja mbio hadi chumbani kwangu, anacheka na kulia.

"Ma chère, bamenipa poste! Kule Beni!"

"Félicitations."

"Poste ilikuwa ya kwako, mi najua. Nilimuambia Chef: Falonne ananipita mbali. Akasema nafasi iko moja tu."

Laiti angekuwa mbaya. Mtu mbaya unamchukia na unalala usingizi wako. Bénie alikuwa ananinyang'anya kila kitu huku ananiombea.

Mimi nilirudi kwa Papa Asumani, mwajiri wangu wa zamani, kwenye secrétariat public yake iliyo mbele ya mlango wa institut, kuchapa na kutoa photocopie za watu wengine. Bénie alinitumia picha kutoka Beni: koti jeupe, chaki mkononi, wanafunzi nyuma yake. Niliikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka nikaona mishono ya koti. Nilihesabu makosa ya Kifaransa katika ujumbe wake. Manne. Walimwita Madame l'Assistante. Alinitumia kitenge. Nilikiacha ndani ya mfuko wake, sikukishonesha.

Asubuhi moja Papa Asumani aliniwekea karatasi mbele ya mashine.

"Falonne, iko commande ya Chef Ézéchiel. Nakala mia moja na makumi ine, za Beni. Eti mwanafunzi mwenye hapana nunua, hapana fanya mtihani."

"Bei ngapi?"

"Wee usiniulize bei, utalia. Mi nachapa tu."

Juu iliandikwa "Kumtunza mtoto mgonjwa", kwa Kifaransa, na chini jina la Chef Ézéchiel peke yake. Nikafungua ndani.

Yalikuwa maneno yangu. Mikato yangu. Hata yule mama wa Kipese niliyemtolea mfano alikuwemo na kikapu chake. Chef aliondoa jina la Bénie, akaweka lake, hakugusa kitu kingine. Ukurasa wa thelathini na moja ulinitazama: chumvi, vijiko sita.

Mtu wa jury hakuusoma. Sasa aliyeuiba pia hakuusoma.

"Unasoma nini?" Papa Asumani akauliza. "Mashine inangoja."

Hapa, ndugu msomaji, ningeweza kusimama. Neno moja tu lingetosha: Papa Asumani, iko makosa. Lakini nilimwona Bénie na koti lake jeupe, anasimama mbele ya watu mia moja na arobaini, anawafundisha vijiko sita, na mmoja ananyoosha mkono na kumuuliza kama ana akili. Niliona uso wake ukianguka.

"Hakuna, Papa Asumani," nikasema, nikabonyeza.

Ukurasa ule ulitoka mara mia moja na arobaini. Niliutazama kila mara.

Siku tisa nilikaa kimya, nikisubiri habari ya aibu yake. Siku ya kumi alinipigia simu.

"Ma chère, kesho banafunzi yangu banaanza kuingia mu quartier kufundisha bamama. Kuhara imezidi, zaidi kwa badéplacés benye balikimbia mashamba. Batoto banakauka, nakuambia. Uniombee."

"Banaenda na nini?"

"Na syllabus mu mukono. Njo tuko nayo tu."

Simu ilikatika yenyewe. Nilibaki nimeishika sikioni.

Nilikuwa nimejichorea akilini Bénie mbele ya darasa. Sikuwa nimejichorea mama aliyekimbia shamba lake, mwenye mtoto aliyelegea, akipima chumvi kwa uangalifu, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa kuwa mtu aliyesoma amemwambia.

Asubuhi nilimwambia Papa Asumani ninaumwa, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi. Tulipofika miteremko ya Kabasha nilimgonga taximan begani.

"Ongeza mwendo."

"Mama, unataka kufika Beni ao unataka kufika mbinguni?"

Madarasa ya tawi yalikuwa ya mbao, na mabati ya baba yake Bénie yaling'aa hadi yaliumiza macho. Chumba cha watu sitini kilikuwa na zaidi ya mia. Waliokosa benchi walikalia matofali. Nilijipenyeza mlangoni nikiwa tayari kupiga kelele.

Bénie alikuwa mbele. Juu ya meza palikuwa na chupa ya maji, sukari, chumvi na kijiko kimoja.

"Mbele ya kumupa mutoto, weye unaonja kwanza," alikuwa anasema. "Chumvi yake haiwezi kupita machozi. Kila mutu anajua machozi yake iko na chumvi namna gani. Kama inapita machozi, mwaga. Tunasema nini?"

"Inapita machozi, mwaga!" darasa zima likajibu.

"Wewe wa nyuma, kuya uonje."

Aliwaita mmoja mmoja. Walionja, wakatikisa vichwa, wakacheka. Sijawahi kuona kozi kama ile miaka yote mitatu niliyolipia.

Nikainama kutazama syllabus ya msichana aliyekuwa karibu nami. Ukurasa wa thelathini na moja. "Sita" ya chumvi ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa "nusu", na "nusu" ya sukari imekuwa "sita". Nikatazama ya jirani yake. Nayo. Na ya mwingine. Mwandiko ulikuwa wa Bénie.

Na mnajua nilihisi nini kwanza? Shukrani ilikuja baadaye. Kwanza ulikuja wivu, mkali kuliko wa siku zote. Nilikuwa nimejibakizia kitu kimoja tu cha kumzidi, kwamba mimi ninajua na yeye hajui. Sasa hata hicho kilikuwa mikononi mwake, na kilimpendeza.

Aliponiona alikimbia kunikumbatia mbele ya wanafunzi.

"Falonne! Umekuya bila kusema!"

Nikamvuta nje, nyuma ya darasa.

"Uliona page trente-et-un, ile ya chumvi."

"Ah, ile!" Akajipiga paji la uso. "Siku ya kwanza nilikoroga mu kikombe vile imeandikwa, nikaonja, nikatapika. Nikasema: Bénie, weye ni bure kabisa, uliharibu kazi ya Falonne wakati ya kuchapa. Nikanunua Bic nyekundu. Nimerekebisha zote mia moja na makumi ine, vidole viliniuma juma nzima. Haya mi naona kama Chef alichukua TFC yetu, lakini ile haiko kitu, kama batu banasoma."

"Bénie, haukuharibu."

"Kumbe nani?"

"Mi njo niligeuza. Kwa kusudi."

Alicheka. Kisha akaona kwamba mimi sicheki.

"Juu ya nini?"

"Nilitaka ukwame siku ya jury. Nilikuwa na wivu yako."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliegemea ubao wa ukuta, akaanza kuniuliza polepole kama mtu anayepapasa jeraha kuona lilipoishia.

"Wakati ile ulikuwa unalala kwetu?"

"Ndiyo."

"Unakula kwetu?"

"Ndiyo."

"Mama yangu alikuwa anakuwekea chakula weye kwanza, kisha miye."

"Ndiyo, Bénie."

"Na hizi nakala za Beni. Ulizichapa weye?"

Nilificha mikono nyuma ya mgongo. Alielewa.

Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke bila kuyafuta. Nimeahidi gazeti hili kwamba nitasema kweli, basi naisema hii pia: kwa kitambo kidogo nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bénie alikuwa amepungukiwa na kitu mbele yangu. Furaha ile ilidumu kama pumzi moja, halafu nikaona aibu.

Simu yangu ikaita. Papa Asumani.

"Falonne, unaumwa kweli ao umetoroka? Usiku nimechapa na kufunga ile mizigo ya Chef peke yangu, mgongo unaniuma."

"Mizigo gani?"

"Nakala makumi ine zingine. Ilienda leo asubuhi mapema na banafunzi bastagiaires ya Butembo. Bamebatuma Manguredjipa, kule batu banachimba dhahabu. Kule kuhara inakamata batoto vibaya, njo banaenda kufundisha bamama."

"Papa Asumani, zile nakala kuna mutu alizirekebisha?"

"Kurekebisha nini? Mashine haikoseake."

Nikamwambia Bénie. Alisahau kulia. Tulijaribu namba za wale wanafunzi, alizokuwa nazo na nilizokuwa nazo. Kila moja ilijibu vilevile: haipatikani. Njia nzima ni msitu, na kule mtandao unapatikana mahali pamoja tu juu ya kilima, tena si kila siku.

Bénie akampigia Chef Ézéchiel, akaweka sauti nje ili nami nisikie.

"Chef, page trente-et-un ya syllabus iko na erreur kubwa. Inaweza kuua mutoto. Tufanye namna bastagiaires ba Manguredjipa basiitumie."

"Erreur? Ile syllabus niliandika mimi mwenyewe."

"Chef, ile ni TFC yangu."

Tulisikia mlango unafungwa upande wake.

"Bénie, chunga mudomo yako. Ukisema ile ni TFC yako, mi nitakuuliza nani aliiandika. Niko mu réunion."

Akakata.

Bénie akaniangalia. Macho yake yalikuwa yamekauka.

"Tuende ku redio," akasema.

Kuna redio moja Beni ambayo communiqué zake hurudiwa na redio ndogo ya Manguredjipa mara tatu kwa siku. Ndivyo watu wanavyotangaziana misiba na ng'ombe waliopotea. Tulienda kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Mtangazaji alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Alisoma karatasi ya Bénie mara mbili.

"Batoto bangu, hii iko kitu nzito. Munasema syllabus ya shule inaweza kuua. Mi siwezi kusoma hii kama hakuna mutu anasaini. Tena anasema mu micro jina yake, na namna alijua. Bila ile, kesho shule inanifunga."

"Namna alijua?" nikauliza.

"Namna alijua."

Tulielewa wote wawili. Namna tulivyojua ilikuwa kwamba Bénie alinunua TFC na mimi niliiuza, tena nikiwa nimeitia sumu. Diploma zetu zote mbili zingekufa katika mlango ule. Miaka mitatu. Shamba la Kipese.

Bénie alichukua kalamu na kusaini. Hakuandika kwa haraka wala kwa kusita.

"Naanza miye," akasema. "Nitasema nilinunua. Yenye ulifanya, utasema weye na kinywa chako."

Akaingia studio. Mlango ukafungwa. Kupitia kioo nilimwona anainamia kipaza sauti, midomo yake inatembea.

Hapo simu yangu ikatetemeka. Chef Ézéchiel.

"Falonne, uko na Bénie?"

"Yeye iko mu studio, miye niko inje, Chef."

"Muzuri, redio yangu iko wazi, namusikia. Sikia. Mi nilijua tangu siku ya jury nani aliandika ile TFC. Bénie hawezi kuandika page mbili. Uko na akili, na tulikuonea, mi naitika. Donc tuongee kama batu bakubwa. Ile poste ya Beni inaweza kuwa ya kwako. Hata lundi hii unaanza."

Nikageuza mgongo kwa kioo.

"Unasema tu kama text yako ilikuwa muzuri, na Bénie njo aliigeuza kule Beni kwa kutokujua. Basi. Communiqué inapita vile vile, bamama banasikia vile vile, hakuna mutoto anakufa. Ni jina moja tu inabadilika. Yeye ameisha kujitaja mu redio, ameisha kujiua mwenyewe. Weye unaokoka, miye naokoka, shule inaokoka. Unanisikia?"

Nilimsikia. Nilisikia na zaidi: chaki, koti jeupe, Madame l'Assistante. Nilimwona Mama akishuka tena kutoka Kipese. Na lililokuwa baya kuliko yote ni kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Watoto wa Manguredjipa wangeokoka hivi au hivi.

Mlango ukafunguliwa. Bénie alitoka, uso umelowa jasho, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

"Wa pili aingie," mtangazaji akaita. "Tuko direct, batu banasikia. Haraka, mutoto yangu."

Bénie akaona simu sikioni mwangu.

"Ni nani?"

"Ni Mama," nikasema. "Ananisalimia."

"Umuambie nami namusalimia."

Nikaingia. Nikaketi. Kipaza sauti kilikuwa bado na joto la pumzi yake. Mtangazaji akainua kidole, taa ikawaka, akaniambia kwa midomo bila sauti: jina yako, na namna ulijua.

Nilikuwa nimeilaza simu juu ya paja langu, chini ya meza. Sikuwa nimeikata. Chef Ézéchiel alikuwa bado anasikiliza.

Nikafungua kinywa.

(Itaendelea)